KOBE: MUJI UNAOWASHA TAA JUU YA WAFU WAKE

Wababa na wamama, na ninyi vijana wetu, leo tutembee mbali kidogo: twende mpaka Japani. Wazee waliotumika ku mine ya Musoshi miaka ya 1970 wanawafahamu Wajapani, kwani walichimba shaba pamoja nao. Lakini leo hatusemi habari ya shaba. Tunasema habari ya taa.

Kobe ni muji wa bandari wenye watu karibu milioni 1 na nusu. Milima iko nyuma, bahari iko mbele, na watu wamebanana katikati. Mwezi wa kwanza kule ni wakati wa baridi kali, na giza inaingia mapema. Ni katika baridi ile watu wanatokaka nyumbani kwa wingi kwenda kutazama sikukuu ya taa inayoitwa Luminarie.

Sekunde 20

Tarehe 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika 46 ya asubuhi, watu wengi wakiwa wangali usingizini, ardhi ilitetemeka. Ilidumu sekunde 20 hivi. Nyumba zaidi ya 100.000 zilianguka kabisa, na moto ukateketeza kartie nzima nzima. Watu 6.434 walikufa katika Kobe na miji ya jirani. Nyumba karibu milioni 2,6 zilikosa umeme.

Mafundi walirudisha umeme kisha siku sita. Lakini balabala nyingi zilibaki giza, kwani nyumba zilibomoka na wenyewe walihama. Umeme ulikuwako, lakini furaha ilikosekana.

Zawadi ya Italia

Katika Italia ya kusini, sikukuu ya mtakatifu wa parokia ikifika, watu wanasimamisha mbao ndefu zilizopakwa rangi na kufungwa taa ndogo ndogo, sawa mulango mukubwa wa kanisa. Serikali ya Italia ilitoa taa za namna ile kama zawadi kwa Kobe. Valerio Festi, fundi wa Italia, na Mjapani Hirokazu Imaoka waliandaa kazi. Toka tarehe 15 mpaka 25 Desemba 1995 taa ziliwaka, na watu zaidi ya milioni 2 walikuja.

Ilipangwa kufanyika mara moja tu. Lakini wenye muji waliomba taa zirudi mwaka uliofuata, na nyuma yake tena. Ugonjwa wa Korona ndio uliozikatiza, mwaka 2020 mpaka 2022. Mwaka 2024 sikukuu ilifanyika katika mwezi wa kwanza, karibu na siku ile ya tetemeko.

Mgeni anaona nini?

Kwanza anaona mulolongo wa watu. Kwa miaka mingi walianzia karibu na stesheni ya Motomachi, wakatembea pole pole, upande mumoja tu, baba amebeba mutoto ku mabega. Halafu, wakikata kona, taa zilionekana zote kwa mara moja: matao juu ya balabala, moja nyuma ya lingine, sawa mutu anaingia ndani ya katedrale isiyo na paa.

Njia ile ilifika mpaka bustani ya Higashi Yuenchi. Hapo kuna chumba chini ya ardhi, na majina ya wafu yameandikwa ku kuta zake. Nje kuna mwali mudogo wa moto usiozimishwa. Kila tarehe 17 Januari, saa ile ile ya tetemeko, jamaa za wafu wanasimama pale na mishumaa na kunyamaza. Pembeni ya bahari, wameacha kipande cha bandari kilichovunjika vile vile, watoto wapate kuona.

Je, si kutupa feza bure?

Mutu anaweza kuuliza: «Watu wanalala katika nyumba za muda, na ninyi munawasha taa?» Ulizo hili ni la haki. Hata leo feza ya kulipa sikukuu haipatikane kwa urahisi, ndiyo maana kwa miaka mingi wageni waliombwa kutoa yen 100 kila mutu.

Lakini Kobe haikuwasha taa na kuacha kujenga. Angalia parokia ya Takatori. Kanisa lake liliungua, sanamu ya Yezu ikabaki imesimama. Waamini wake walikuwa Wajapani pamoja na wakimbizi wa Vietnam. Shigeru Ban, fundi wa kuchora nyumba, akaja kujitolea, na mwaka ule ule wa 1995 vijana wengi wakamusaidia kusimamisha nyumba ya sala yenye nguzo 58 za karatasi ngumu. Ilitumika miaka kumi. Kisha wakaifungua na kuipeleka Taiwan, kwa watu walioumizwa na tetemeko la mwaka 1999. Aliyesaidiwa akasaidia.

Na sisi?

Tarehe 27 Juni 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliangukia wachimbaji, na zaidi ya watu 40 walikufa. Nani anayajua majina yao? Tunalia ku matanga, kisha siku arobaini tunarudi ku kazi, na mjane anabaki peke yake. Hatuna taa za Italia, na umeme wenyewe unakatikaka kila mara. Lakini kuandika majina ya wafu wa parokia katika kitabu, kuyasoma mbele ya wote tarehe 2 Novemba, kuwasha mushumaa mumoja kwa kila jina, na siku ile ile kuchanga juu ya masomo ya yatima: kazi ile haingojei ndege wala serikali. Vijana, kitabu kile munaweza kukianza jumapili hii.