Je, Wajua? Nguruzi ya Shaba Huila Boti ya Alumini

Je, wajua kwamba nguruzi ya shaba, yaani kizibo cha tundu la kutolea maji botini, yaweza kuharibu boti ya alumini hata isipogonga mwamba? Metali hizo mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Kagua ukingo wa tundu: unga mweupe na vishimo vidogo ni dalili mbaya. Kwa boti ya baharini, chagua nguruzi ya plastiki ngumu. Ya mpira ipakwe grisi ya silikoni, kwani mafuta ya mashine huvimbisha mpira asilia. Huko Minnesota, Marekani, sheria inataka nguruzi itolewe boti inaposafirishwa barabarani, ili maji yatoke na kome vamizi wasihamishwe ziwa hadi ziwa. Usisahau kuwa na nguruzi ya akiba botini.