Washauri Kwanza, Wanafunzi Baadaye

Matokeo ya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Burundi, yakishatangazwa, simu za walimu wa Bujumbura hazipumziki. Anayepiga ni mwanafunzi aliyefaulu kwa alama za wastani, au mama yake, au mjomba aliyeko Uvira, na swali ni lile lile: mtoto aende wapi? Mwalimu wa fizikia wa Ngagara anajibu kadiri anavyojua kuhusu uhandisi, na ukimuuliza uuguzi anakisia. Muuguzi wa hospitali ya Kamenge anaujua uuguzi nje ndani, lakini hakuna mwanafunzi anayempigia, kwa kuwa hawamjui. Maarifa yapo mjini. Yamekaa vipande vipande vichwani mwa watu ambao hawajawahi kuzungumza wao kwa wao.

Kuwaunganisha watu hao mtandaoni si jambo gumu kiufundi. Ugumu uko kwenye mpangilio, na kosa ninaloliona likirudiwa ni kuanza na wanafunzi. Mtu mwenye nia njema anafungua grupu la WhatsApp, anasambaza kiungo mashuleni, na muda si mrefu vijana wameingia kwa mamia. Washauri ni wanne. Maswali yanamiminika, wawili wanachoka, mmoja anaanza kupigia debe chuo anachofundisha, na grupu linabaki la salamu za asubuhi na video za mpira. Rai yangu ni kwamba jamii ya washauri ijengwe kwanza kwa ajili ya washauri wenyewe. Waulizane, wasahihishane, wazoee kujibu kwa pamoja. Wanafunzi wafunguliwe mlango baada ya hapo.

Tazama ni mangapi yamebadilika nchini Burundi katika umri wa kijana mmoja, ndipo utaona kwa nini mshauri mmoja hatoshi. Mwaka 2007 nchi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sheria ya 2011 ikapanga upya elimu ya juu kwa mfumo wa BMD, yaani Baccalauréat, Master na Doctorat. Mwaka 2013 ikaanza shule ya fondamentale ya miaka tisa, ikifuatwa na miaka mitatu ya post-fondamentale. Mwaka 2017 serikali ikaanza kugeuza ruzuku ya wanafunzi wa chuo kikuu kuwa mkopo wa kulipwa. Zamani kusoma chuo kikuu kulimaanisha hasa Université du Burundi, iliyoanzishwa 1964. Leo kuna vyuo binafsi vingi, kuanzia Université de Ngozi ya 1999 hadi Hope Africa na Lac Tanganyika hapa mjini. Mzazi aliyesoma miaka sita ya primaire, minne ya collège na mitatu ya humanités anamshauri mwanawe kwa upendo, ila shule anayoieleza haipo tena.

Na mtoto mwenyewe hupangiwa. Akimaliza mwaka wa tisa hufanya mtihani wa taifa, kisha alama zake ndizo zinazoamua mchepuo na shule atakayokwenda. Akifika chuo kikuu, nafasi za vitivo vinavyogombewa, kama udaktari, zinakwenda kwa wenye alama za juu. Kupangiwa ni jambo la lazima pale nafasi zinapokuwa chache, na siwalaumu wanaopanga. Lakini aliyepangiwa mchepuo wa ufundi wa umeme anahitaji mtu wa kukaa naye na kumweleza mchepuo huo unafungua milango ipi, unafunga ipi, na fundi aliyehitimu miaka mitano iliyopita anaishije leo. Hapo ndipo mshauri anapoingia.

Ni nani basi wa kualikwa? Wengi hukimbilia majina makubwa: daktari bingwa, wakili, profesa, ndugu aliyefanikiwa Brussels au Montréal. Utafiti uliofanyika Madagaska unatupa sababu ya kufikiri upya. Mchumi Trang Nguyen, katika matokeo aliyoyatoa 2008, aliangalia shule ambako watu waliofanikiwa waliletwa kuwasimulia wanafunzi na wazazi maisha yao. Msimulizi aliyetoka katika familia maskini alipandisha alama za watoto wa maskini. Aliyetoka katika familia yenye uwezo hakuleta badiliko. Katika shule nyingine, wazazi na watoto walielezwa tu kwa takwimu watu wa kila ngazi ya elimu wanapata kipato gani, na hilo pia lilipandisha alama. Mtoto anahitaji taarifa iliyo sahihi, na anahitaji kumwona mtu aliyetokea alikotokea yeye.

Kwa hiyo ningeanza Buyenzi, kwenye gereji, nimtafute fundi aliyepitia shule ya ufundi, mwenye cheti cha A2 na wanagenzi chini yake. Ningemtafuta muuguzi aliyekulia Kinama, mwanamke anayefunga mitambo ya umeme wa jua, karani wa benki aliyeanza kwa mafunzo kazini yasiyo na mshahara, mkulima wa mpunga wa bonde la Rusizi aliyesomea kilimo, na wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wa kampasi ya Mutanga, maana wao bado wanakumbuka ugumu wa kujiandikisha. Walio ughaibuni waingie, kwa kuwa wanajua mambo ya viza na ada za huko, ila wasiwe wengi kuliko walio nyumbani. Watu ishirini wanatosha kuanzia. Ishirini wanaweza kujuana kwa majina na kazi zao. Mia mbili watakuwa hadhira tu.

Namna jamii hiyo inavyofanya kazi inaonekana vizuri ukichukua swali moja, la aina inayokuja kila mwaka. Kijana anaandika: “Amahoro mwalimu. Nimemaliza mchepuo wa sayansi, nataka kusomea famasia Dar es Salaam au Kampala. Mama anauza nguo Ruvumera, ameahidi kunilipia mwaka wa kwanza. Nianzie wapi?” Aliyepokea hajibu papo hapo. Analipeleka kwenye chumba cha washauri, yaani grupu lao wenyewe, na kila mmoja anaongeza anachokijua.

Wa kwanza, aliyesoma Tanzania, anasema cheti cha Burundi lazima kilinganishwe kwanza na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, kabla chuo hakijafungua faili. Uganda kazi hiyo ni ya UNEB. Wa pili anaongeza kwamba chuo chenyewe kiangaliwe kama kinatambuliwa: Tanzania na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na Uganda na baraza la elimu ya juu la huko, NCHE. Wa tatu, mwalimu wa lugha, anakumbusha kwamba kijana amesoma sayansi kwa Kifaransa, na huko atafundishwa kwa Kiingereza. Anahitaji miezi ya maandalizi, na miezi hiyo ina gharama yake. Wa nne anauliza swali zito kuliko yote. Shahada ya famasia katika nchi hizo mbili ni miaka minne. Mama ameahidi mmoja. Mitatu italipwa na nani? Wa tano, anayefanya kazi kwenye duka la dawa katikati ya mji, anaeleza njia zilizopo hapa hapa nyumbani, na anataka ijulikane mapema kama shahada ya nje itakubaliwa kijana atakaporudi kuomba kazi.

Kisha mmoja wao anaandika jibu, la upole na la wazi: “Mdogo wangu, hongera. Kabla ya kutuma ombi lolote, kaeni na mama mjibu maswali haya…” Jibu lisimwamulie. Limpe hatua za kufuata, gharama zake na mtu wa kumrudia. Hakuna hata mmoja kati ya wale watano ambaye angeliandika jibu hilo peke yake, na huyo wa nne, aliyeihesabu miaka, huenda ndiye aliyemwokoa mama huyo asiuze akiba yake ya nguo kwa safari itakayoishia mwaka wa pili.

Majibu ya namna hiyo ndiyo mali ya jamii, na lazima yahifadhiwe. Kwenye WhatsApp jibu zuri linazikwa na mazungumzo ndani ya siku moja, kwa hiyo awepo mtu wa kuliandika upya kwenye daftari la pamoja, la karatasi au la mtandaoni, likiwa na mambo matatu: jina la mshauri, tarehe, na mahali lilipohakikiwa. Tarehe ndiyo inayosahaulika zaidi. Ada hupanda, siku za kujiandikisha husogezwa, chuo hupewa au hunyang'anywa kibali. Jibu lililopita mwaka mmoja lisitumwe kwa mwanafunzi kabla mtu hajalihakiki tena.

Mtandao wenyewe usitafsiriwe kuwa simu janja peke yake. Burundi walio na intaneti bado ni wachache, na shule za mikoani umeme ni wa kubahatisha. Ukanda wetu una mifano ya kujifunza. Zambia, kupitia U-Report, mpango wa UNICEF ulioanzia Uganda 2011, vijana walitumia ujumbe mfupi wa kawaida kuuliza habari za Ukimwi, na washauri waliofunzwa wakawajibu mmoja mmoja. Nchini Kenya, huduma ya Eneza ilimwezesha mwanafunzi mwenye simu ya kitochi kumuuliza mwalimu halisi swali la somo na kujibiwa. Tanzania, Shule Direct wana huduma yao ya Ticha Kidevu kwa kazi inayokaribiana na hiyo. Ujumbe mfupi una herufi 160 tu, na ufinyu huo ni mwalimu mzuri: mshauri akishindwa kulieleza jambo kwa sentensi mbili, mara nyingi hajalielewa vizuri. Majibu yanayoulizwa sana yanafaa pia kusomwa redioni, kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Kijana wa Rumonge asiye na mega za intaneti atasikia.

Usalama unadai kanuni zilizoandikwa kabla mwanafunzi wa kwanza hajaingia. Kwenye grupu la kawaida la WhatsApp kila mwanachama anaiona namba ya kila mwenzake. Binti wa miaka kumi na sita akiingia humo, namba yake imekuwa mikononi mwa watu wazima asiowajua. Ndiyo maana naona wanafunzi wasiwekwe kwenye grupu la watu wote. Waandike kwa namba moja ya jamii, inayoshikwa kwa zamu na washauri wawili, na pasiwe na mshauri anayechati na mwanafunzi faraghani bila mwenzake kuona. Pesa zisipite, hata kidogo. Mshauri asimpokee mwanafunzi ada ya fomu, asipokee asante kutoka chuo alichomwelekeza, na anayelipwa na chuo fulani aseme hivyo mbele ya wote au aondoke.

Kuna swali moja ambalo washauri wengi hawajajiandaa nalo, nalo litakuja: kazi za Ghuba. Tangu Burundi ilipotia saini makubaliano ya kazi na Saudi Arabia mwaka 2021, wasichana wanaomaliza shule wanasikia habari za safari kila mtaa. Kumkaripia anayeuliza ni kumsukuma kwa dalali. Aelezwe taratibu: wakala awe na kibali cha serikali, mkataba usomwe katika lugha anayoijua kabla ya kusainiwa, nakala zake na za pasipoti zibaki kwa ndugu, na namba ya ubalozi aibebe kichwani. Aelezwe pia kazi na masomo gani yanapatikana hapa kwa cheti alicho nacho. Ushauri wa kazi unaokwepa jambo hili haumfai msichana wa Kamenge wala wa Buyenzi.

Gharama si kubwa, lakini zipo, na zikiachwa bila mwenyewe jamii inakufa kimya kimya. Mega za washauri wa zamu zilipwe, kwa mchango wa wanachama au wa shule zinazofaidika. Zamu iwe fupi. Miezi ya matokeo iongezewe watu, na miezi mingine washauri wapumzike bila kuona haya. Mara moja moja wakutane ana kwa ana. Watu waliokula pamoja husahihishana mtandaoni bila kununiana, na bila kusahihishana kazi hii haina maana.

Mwaka wa kwanza ningechukua shule mbili tu, moja ya mjini na moja ya mkoani, na nisingehesabu wanachama. Ningewapigia simu wale waliojibiwa, miezi kumi na miwili baadaye: uko wapi, bado unasoma, nani analipa, ni lipi tulilokwambia halikuwa hivyo ulipofika? Majibu yao yarudi chumba cha washauri. Jibu lililoonekana kumpoteza kijana lisahihishwe kwenye daftari, na wote waliowahi kutumiwa jibu hilo waandikiwe upya.