Misafara 31 ya Watu wa Tabora

Katika karne ya 19, msafara uliotoka Kwihara, karibu na Tabora, kuelekea Bagamoyo ulianza na hesabu ya kugawa. Kila mpagazi wa Kinyamwezi alipaswa kupata mzigo unaobebeka, kama frasila mbili, yaani takriban kilo 32. Ukibaki mzigo mmoja usio na bega, mnyapara ana kesi.

Hesabu hiyohiyo inafaa kufanywa kwa Tabora ya leo. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 3,391,679 katika mkoa mzima. Wakipangwa wote kwenye misafara iliyo sawasawa, asibaki hata mtu mmoja, itakuwa misafara mingapi?

Miwili haiwezekani, kwa kuwa idadi inaishia na 9: ni witiri. Kwa mitatu, jumlisha tarakimu zote. Zinatoa 38, na 38 haigawanyiki kwa 3, hivyo watu wawili wanabaki. Mitano ingetaka tarakimu ya mwisho iwe 0 au 5. Kwa saba wanabaki wanne. Nne, sita na nane hazina haja ya kujaribiwa, maana kilichoikataa 2 kimezikataa na hizo. Ndiyo sababu mhesabuji hupita kwenye namba tasa peke yake: 11, 13, 17, 19, 23, 29. Zote zinaacha watu njiani.

Inayokubali kwanza ni 31. Kila msafara unapata watu 109,409.

Nayo 109,409 ni 37 mara 2,957, na zote mbili ni tasa, hazipasuki tena. Anayeanza na 37 badala ya 31 ataishia na tasa zilezile tatu, kwani kila namba nzima inayozidi 1 ina fungu moja tu la tasa zinazoiunda. Kwa hiyo Tabora ina vigawo vinane tu.

Idadi ya taifa zima katika sensa hiyo, 61,741,120, ni kinyume chake. Ndani yake mna 2 mara sita, kisha 5, 7, 43 na 641, na vigawo vyake vinafika 112.

Hiyo 641 ina historia. Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297 ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni 641 mara 6,700,417. Kuzidisha namba hizo mbili ni kazi ya dakika chache kwa kalamu. Kuzifumbua kutoka kwenye jibu kulimpita hata Fermat.

Msomaji wa Nzega, Urambo au Sikonge achukue idadi ya watu wa wilaya yake, aanze na 2, 3, 5. Akifika kwenye kipeuo cha pili cha idadi hiyo bila kukuta kigawo, asiendelee: ameshika namba tasa.