Kishale cha dawa: umbali ndio mwamuzi

Vijana wa Isiolo wanaotazama video za mawindo ya Marekani huniuliza ni upinde upi bora wa kifyatulio, ule unaokazwa kwa mtambo na kulengwa kama bunduki, na namna ya kuutayarisha kwa kuwinda ayala. Jibu langu lina pande mbili. Kwanza, ayala hatuna. Jamii hiyo, ambayo madume wake huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine, haina asili kusini mwa Sahara. Wanyama wetu, choroa, swala twiga na tandala mdogo, pembe zao hudumu maisha yote. Pili, Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikaweka adhabu kali.

Hata hivyo, ipo silaha inayolengwa kihalali kwa wanyama wa hifadhi za Buffalo Springs na Shaba: bunduki ya sindano ya daktari wa wanyamapori. Hutumika kumtoa punda milia waya wa mtego uliomkata mguu, kutibu jeraha la mkuki au kumfunga twiga kifaa cha kufuatilia nyendo zake. Maswali ya kuichagua na kuitayarisha ni yaleyale ya upinde: nguvu kiasi gani, mshale wa uzito gani, mnyama yuko umbali gani, alengwe wapi. Ila mlengaji huyu anataka mnyama aamke na aende zake.

Wazo lenyewe ni la zamani. Wawaata, wawindaji mashuhuri wa mashariki ya Kenya, walipaka mishale yao sumu iliyochemshwa kutoka mti wa msunguti. Ndovu aliangushwa na sumu iliyousimamisha moyo, wala si na tundu la mshale. Katika miaka ya 1950 watafiti wa jimbo la Georgia, Marekani, waliwarushia ayala vishale vyenye nikotini ili kuwakamata wakiwa hai. Miaka hiyohiyo Colin Murdoch, mfamasia wa New Zealand, alibuni bunduki ya kurusha dawa ya usingizi. Mshale wenye dawa ukabaki, kazi yake ikageuzwa.

Kitazame kishale chenyewe kwa karibu. Ni bomba la plastiki lenye vyumba viwili. Cha mbele kina dawa, cha nyuma kina hewa iliyosindiliwa, na kati yao kuna kizibo kinachosogea. Sindano imezibwa nchani, tundu lake liko ubavuni, na tundu hilo limefunikwa kwa kipande cha mpira. Sindano inapopenya ngozi, mpira husukumwa nyuma, tundu hufunguka, na hewa husukuma kizibo mpaka dawa yote iingie msulini. Mkiani kuna kishada chekundu, kinachokinyoosha kishale hewani na kumwonyesha daktari kimetua wapi.

Kuchagua huanza na mnyama, bunduki hufuata. Ngozi ya twiga ni nene, hivyo hutaka sindano ndefu na imara. Sindano hiyohiyo ikimpiga choroa itafika kwenye mfupa. Ikiwa fupi mno kwa punda milia mnene, dawa itaishia kwenye mafuta, itachelewa kufanya kazi, na mnyama atakimbia kilomita nyingi bila kulala. Kisha huja ujazo: dawa nyingi hutaka bomba kubwa, na bomba kubwa ni zito, hushuka haraka likiwa hewani.

Hapo ndipo umbali unapoamua kila kitu. Bunduki nyingi za kazi hii husukuma kishale kwa gesi, na daktari huongeza au kupunguza shinikizo kwa kutazama geji. Shinikizo la mita 40 likitumika kwa mnyama aliye mita 15, kishale huzama kama risasi na huweza kuvunja mfupa. La mita 15 likitumika kwa mita 40, kishale huanguka njiani au hudunda kwenye ngozi. Kwa hiyo umbali hupimwa kwa kifaa cha leza, haukisiwi kwa jicho. Kabla ya safari, bunduki hujaribiwa kwenye shabaha kwa kishale kilichojazwa maji, kwa sababu kishale kitupu ni chepesi na kitamdanganya mlengaji. Jaribio hurudiwa kwa kila umbali na kila ukubwa wa bomba, na matokeo huandikwa.

Shabaha ni msuli mnene wa paja au bega, mnyama akiwa amesimama ubavu. Kifua, tumbo na kichwa haviguswi. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, daktari husubiri, maana kishale huenda polepole na hupeperuka. Kazi hufanywa alfajiri, kwani mnyama aliyekimbizwa juani hupanda joto, misuli yake ikaharibika, naye akaweza kufa siku kadhaa baadaye. Mto Ewaso Nyiro ukiwa karibu, au laga (mkondo wa mto mkavu) yenye kingo kali, bunduki haifyatuliwi kabisa. Mnyama mwenye usingizi huzama hata kwenye maji ya magoti.

Twiga ndiye mtihani mkubwa. Shinikizo la damu yake ni karibu mara mbili ya la wanyama wengine, na akilala na dawa kwa muda mrefu pumzi na damu yake huvurugika. Kwa hiyo anapoyumba timu humwangusha kwa kamba, daktari humchoma dawa ya kuzindua papo hapo, na watu humshikilia kwa kuikalia shingo yake, macho yamefunikwa, huku kazi ikifanyika haraka.

Dawa inayotumika mara nyingi kwa wanyama hawa wakubwa ni etorfini. Nguvu yake inapita ya mofini zaidi ya mara 1,000. Matone machache kwenye mkwaruzo wa kidole yanaweza kumuua mtu. Ndiyo maana daktari huvaa glavu na miwani, hajazi kishale akiwa peke yake, na dawa ya kumwokoa binadamu huwa tayari kabla chupa haijafunguliwa.

Kwenu wachungaji, na kwa watoto wanaopeleka mbuzi malishoni. Si kila kishale hutua kwenye mnyama, na kilichopotea vichakani huweza kubaki na dawa ndani. Ukikuta bomba dogo lenye sindano na kishada chekundu, usilishike, usilipige teke, wala usilipeleke nyumbani. Weka alama ya mawe kando yake, mwondoe mtoto na mifugo, kisha uwaarifu askari wa wanyamapori walio karibu au ofisi ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS).