Kibuyu cha bibi kisiuzwe kwa bei ya soda

Kama nyumbani kwenu Musoma, Bunda au Butiama bado kuna kibuyu cha zamani cha mafuta ya kujipaka, usikimbilie kukiuza. Jifunze kwanza kutoka biashara ya vichupa vya Warumi.

Katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, mafundi wa pwani ya Syria na Palestina walianza kupuliza kioo, na vichupa vya manukato vikawa rahisi hata kwa watu wa kawaida. Bidhaa za kioo zilifika hadi kwetu: kitabu kimoja cha mabaharia cha karne ya kwanza kinazitaja katika bandari ya Rhapta, na Profesa Felix Chami alipata shanga za Kirumi katika delta ya Rufiji.

Leo vichupa hivyo huuzwa kwenye minada Ulaya na Marekani. Kwa kuwa ni vingi, umri peke yake hauleti bei. Wanunuzi makini huangalia uzima wa chupa na hati zinazoonyesha ilikotoka. Isiyo na historia hushukiwa kuwa ya wizi au ya kughushi.

Kwa hiyo, mwenye kibuyu aandike mambo manne: nani alikitengeneza, kijiji gani, lini na kwa kazi gani. Wazee wakiondoka, habari hizo hazinunuliki tena.

Pia kuna sheria. Vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuvisafirisha nje kunahitaji kibali. Mahali pa karibu pa kuanza kuuliza ni Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999.

Pa kutafutia pesa ni kwenye vibuyu vipya. Panda mbegu mvua zinapoanza na uweke uchanja ili vibuyu vining'inie. Viache vikomae mpaka kikonyo kikauke, kisha vianike kivulini hadi mbegu zisikike zikicheza ndani. Kata mdomo, toa mbegu, loweka na ubadilishe maji mara kadhaa kuondoa uchungu.

Soko halipo mbali. Watalii huingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, wilayani Bunda. Funga kila kibuyu karatasi yenye jina la fundi, kijiji na mwaka. Uza hicho, cha bibi kibaki nyumbani.