Dhamana ya Gari: Je, Humfuata Mtu au Hulifuata Gari?

Magari yamekuwa mengi katika mkoa wetu wa Katavi. Tangu mwaka 2012, Katavi ilipotengwa na Rukwa ikawa mkoa wenye makao yake Mpanda, na hasa tangu kufikiwa na barabara za lami za Sumbawanga na Tabora, haupiti msimu wa mavuno bila ya kusikia kwamba jamaa fulani ameuza mpunga wake, au ng'ombe wake, akanunua Noah ya abiria, au kirikuu ya mizigo, au pikipiki ya kijana wake. Hayo ni mema, kwani kutafuta riziki ya halali ni wajibu wa mwenye nyumba. Lakini pamoja na magari hayo limekuja neno moja ambalo wengi wetu hulinunua kabla ya kulifahamu. Neno hilo ni "waranti", yaani dhamana ya mtengenezaji. Dalali husema, "Gari hili lina waranti bado," na mnunuzi huongeza fedha juu ya bei kwa ajili ya neno hilo moja. Basi twapenda kulieleza jambo hili hatua kwa hatua, ili mtu ajue anachokilipia.

Dhamana ni nini?

Dhamana ya mtengenezaji ni ahadi. Mtengenezaji humwambia mnunuzi wa gari jipya: sehemu ya gari hili ikiharibika kwa sababu ya kosa la kiwandani, wala si kwa sababu ya matumizi yako, tutaitengeneza au tutaibadilisha bila ya malipo. Ahadi hiyo ina mipaka miwili, muda na mwendo, na mpaka wowote utakaofikiwa kwanza ndio huikata. Mathalan, Toyota huko Japani hutoa dhamana ya jumla ya miaka 3 au kilomita 60,000, na dhamana ya sehemu kubwa, kama injini, gia na usukani, ya miaka 5 au kilomita 100,000. Mwenye kukimbiza gari lake sana akafikisha kilomita hizo katika mwaka wa pili, dhamana yake imekwisha, hata kama kalenda yasema bado.

Tena ahadi hiyo haigusi kila kitu. Vitu vya kulika, kama matairi, pedi za breki na sahani za klachi, aghalabu havimo. Wala haimfai mtu aliyeacha kumwaga oili kwa wakati wake, au aliyezidisha mzigo, au aliyebadilisha injini kwa fundi wa kando ya njia. Mtengenezaji amedhamini kazi ya mikono yake mwenyewe, wala hakudhamini uzembe wa mwingine.

Mwenye dhamana ni nani?

Hapa ndipo penye fundo la maneno yetu. Dhamana ni mapatano baina ya mtengenezaji na mnunuzi wa kwanza. Na mapatano, kwa asili yake, huwafunga waliopatana. Kama ilivyo desturi ya vitabu vyetu vya chuoni, tuseme Zaidi alinunua gari jipya, kisha akamwuzia Amri. Je, Amri aweza kumdai mtengenezaji ambaye hakupatana naye? Jawabu ni kwamba hutegemea masharti yaliyoandikwa katika kitabu cha dhamana. Kuna dhamana zinazolifuata gari kwa namba ya chesisi, mwenye gari awe nani awaye. Na kuna dhamana zinazomfuata mtu, naye akiliuza gari, dhamana hufa au hupungua.

Mifano yake ni ya wazi. Kampuni ya Hyundai huko Marekani humpa mnunuzi wa kwanza dhamana ya injini na gia kwa miaka 10 au maili 100,000, ambazo ni kilomita 160,000 hivi. Lakini gari hilo likiuzwa kwa mtu wa pili, dhamana hiyo hurudi chini ikawa ya miaka 5 au maili 60,000, tangu gari lilipokuwa jipya. Kwa hiyo Amri akilinunua gari hilo katika mwaka wa sita, akidhani amebakiwa na miaka minne, hana hata siku moja. Kinyume chake, dhamana ya Kia ya miaka 7 huko Uingereza hulifuata gari, na mnunuzi wa pili hurithi muda uliosalia.

Japani nao wana njia yao. Huko, mnunuzi wa gari lililotumika hulipeleka kwa wakala wa kampuni pamoja na kitabu cha dhamana na kumbukumbu za matengenezo. Wakala hulikagua, mnunuzi hulipa gharama ya ukaguzi, ndipo dhamana iliyosalia huandikwa kwa jina lake. Asiyefanya hivyo, dhamana haikuhamia kwake, ijapokuwa gari limehamia. Tazama, basi: hata nchini mwa watengenezaji wenyewe, dhamana haihami kwa maneno ya dalali. Huhama kwa kitabu, kwa ukaguzi na kwa maandishi.

Magari yetu yatokayo Japani

Sasa turudi Mpanda. Mengi ya magari yanayonunuliwa hapa yalitumika kwanza Japani, kisha yakaletwa kwa meli mpaka Dar es Salaam. Dhamana iliyotolewa na kampuni kwa soko la Japani ni ya Japani. Gari likisafirishwa nje ya nchi hiyo, haivuki bahari pamoja nalo. Na hata kama ingevuka, magari yanayotufikia aghalabu yana miaka mingi kupita ile miaka mitano. Basi mtu akikuambia kwamba Noah iliyotoka Japani, yenye umri wa miaka kumi na ushee, ina waranti ya kiwanda, ama hajui asemalo, ama anajua naye anakuficha. Usilipe hata shilingi kwa ajili ya neno hilo.

Wengine huchanganya dhamana na ukaguzi wa Shirika la Viwango, yaani TBS. Ukaguzi huo hutazama kama gari lafaa kutembea barabarani kwa usalama. Ni jambo la maana, lakini si ahadi ya mtu yeyote kwamba gia haitakufa mwezi ujao. Vivyo hivyo, muuzaji mwenye kiwanja cha magari aweza kutoa dhamana yake mwenyewe, ya mwezi au miezi mitatu. Hiyo si ya mtengenezaji, ni yake yeye, na thamani yake ni sawa na uaminifu wake na maandishi aliyoyatia sahihi.

Pale dhamana ilipo hai

Hatusemi kwamba dhamana iliyo hai haipatikani kabisa. Yawezekana taasisi au mradi ukanunua gari jipya kwa wakala aliye nchini, ukaliuza baada ya mwaka mmoja au miwili. Yawezekana pia kijana akauziwa pikipiki ambayo haijamaliza miezi sita tangu itoke dukani. Hapo mnunuzi na afanye mambo haya kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, aombe kitabu cha dhamana na risiti ya ununuzi wa kwanza, atazame tarehe, na aone kama namba ya chesisi iliyoandikwa humo ndiyo iliyogongwa kwenye gari. Kitabu hicho mara nyingi ni cha Kiingereza. Basi kijana wa nyumbani aliye sekondari na amsomee baba yake kila sharti, hasa sharti la kuuzwa kwa mtu wa pili. Hiyo ni faida moja ya elimu tuliyoigharimia.

Pili, atazame kumbukumbu za matengenezo. Kama dhamana yataka gari litengenezwe kwa wakala, nalo limetengenezwa chini ya mwembe, huenda imekwisha kuvunjika.

Tatu, ampigie wakala simu na kumtajia namba ya chesisi, kisha aombe jibu la maandishi: dhamana ipo au haipo, yaisha lini, na yahitaji nini ili ihamie kwa mwenye gari mpya. Simu moja yaweza kuokoa mavuno ya msimu mzima.

Nne, apige hesabu ya safari. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Dhamana yaweza kulipa kifaa na kazi ya fundi, lakini gharama ya kulivuta gari mpaka kwa wakala huenda ikawa juu ya mwenye gari. Dhamana iliyo mbali kuliko bei ya kifaa chenyewe haina faida kubwa.

Mwito usioisha

Liko jambo moja lisilofanana na dhamana, nalo ni mwito wa mtengenezaji wa kurudisha magari yaliyoonekana kuwa na hatari. Mwito huo kwa kawaida hauangalii mwenye gari ni wa kwanza au wa tano. Huangalia namba ya chesisi. Mfano mkubwa ni wa kampuni ya Takata ya Japani, iliyotengeneza mifuko ya hewa iliyomo ndani ya usukani na dashibodi, ambayo mafundi huiita eabegi. Vilipuzi vya mifuko hiyo, vikikaa miaka mingi katika joto na unyevu, viliweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Watu walikufa, makumi ya mamilioni ya magari ya kampuni nyingi yakaitwa duniani kote, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Mwenye gari la Japani la miaka hiyo na aitafute namba yake ya chesisi katika tovuti ya kampuni iliyolitengeneza, kisha amwulize wakala afanyeje. Hili ni la roho za watoto wetu, si la fedha tu.

Dhamana iliyobaki

Basi ikiwa dhamana ya kiwanda imekufa, mnunuzi wa Katavi ashike nini? Ashike mambo mawili: sheria na maandishi.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, yataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Na mfanyabiashara wa bidhaa hizo yampasa atoe kitu kinachofaa kuuzwa. Lakini kasoro ambayo mnunuzi aliyelikagua gari alipaswa kuiona, hawezi kuilalamikia baadaye. Mtu binafsi asiye mfanyabiashara hakubebeshwa mzigo huo wa ubora. Kwa hiyo chukua fundi wako, wala si fundi wa muuzaji, na kila alisemalo muuzaji litiwe katika mkataba wa mauziano: kilomita, ajali, injini iliyobadilishwa, na dhamana kama ipo. Mfanyabiashara anayedanganya wanunuzi aweza kushitakiwa kwa Tume ya Ushindani, chini ya sheria ya mwaka 2003. Kisha jina libadilishwe TRA katika kadi ya gari, kwani asiyetambulikana kuwa mwenye gari atadai haki yake kwa shida.

Nayo sheria ya dini yetu ilitangulia katika hayo. Qurani katika Sura Al-Baqara, aya ya 282, imetuagiza kuandika deni na kushuhudisha mauziano. Fiqhi imempa mnunuzi khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha kitu chenye kasoro ya zamani aliyofichwa. Na kwa madhehebu ya Imamu Shafi yampasa arudishe mara aionapo, kwani akiendelea kukitumia huku anajua, haki humponyoka. Na kila mtoto wa chuoni ajua habari ya Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono katika chungu ya nafaka akakuta chini yake imelowa, akamkemea mwenye mali kwa kutoiweka juu watu wakaiona.

Twawakumbusha wauzaji hasa, kwani wengi wetu leo tu wanunuzi na kesho tu wauzaji. Ukiuza gari lako, toa kitabu, toa risiti, taja ajali, na kama dhamana imekwisha, sema imekwisha. Bei yaweza kupungua kidogo, lakini utakachopokea ni halali, na jirani yako atakuamkia kwa moyo mweupe. Kiwanda kiko ng'ambo ya bahari na ahadi yake ina mwisho. Wewe uko hapa Mpanda, na mnunuzi wako utaonana naye Ijumaa.