Gari la Kwanza: Bei Iliyo Kiooni na Bei Iliyo Ndani

Ukiondoa kiwanja na nyumba, ni vitu vichache ambavyo familia ya Pwani hununua kwa fedha nyingi kwa mkupuo mmoja kama gari. Baba amechoka kubadilisha matatu tatu kila alfajiri kutoka Mtwapa hadi Changamwe. Watoto wana shule asubuhi na chuo alasiri. Bibi ana kliniki ya sukari kila mwezi, na miguu haimruhusu tena kusimama kituoni juani. Fedha zimekusanywa kwa miaka, pengine na mkono wa ndugu aliyeko Ghuba umo ndani yake. Kisha huja Jumamosi moja, mtu akaingia yadi baada ya adhuhuri, akaona rangi inayong'aa na viti vilivyofunikwa nailoni, na kabla ya alasiri jasho la miaka mitatu limekwisha kubadilisha mikono.

Tatizo si kuwa magari ya mtumba ni mabaya. Karibu kila gari dogo unaloliona barabarani Mombasa lilitumiwa na mtu mwingine Japani kabla ya kuteremshwa Kilindini, na mengi kati yao yatatumika miaka mingi bado. Tatizo ni kwamba bei iliyoandikwa kwenye kioo ni sehemu tu ya bei ya gari. Iliyobaki imefichwa kwenye chasisi, kwenye giaboksi na kwenye makaratasi, na mnunuzi huilipa baadaye, wakati mfuko umeshakauka.

Basi tuanze na mfuko. Tuseme nyumba imeweka akiba ya shilingi 600,000. Kosa la kawaida ni kutafuta gari la shilingi 600,000. Gari la nyumba hiyo ni la 500,000 au chini ya hapo, na zile 100,000 zisiguswe siku ya kununua. Kuna bima, ada ya kubadilisha umiliki, oili na filta ambazo ni busara kuzibadilisha bila kujali muuzaji amekwambia nini, na mara nyingi kuna matairi mawili na betri. Gari lililonunuliwa kwa shilingi ya mwisho ndilo lile unaloliona limelala chini ya mwarobaini, tairi zimekaa chini, likingoja kipuri cha shilingi elfu nane ambacho mwenyewe hana.

Yadini utasikia neno “mpya”. Maana yake ni kwamba gari halijatembea katika barabara za Kenya, wala si kwamba halijatembea. Kanuni za Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, zinataka gari la mtumba linaloingizwa nchini liwe halijapita miaka 8 na liwe na usukani wa kulia, kwa hiyo gari “jipya” laweza kuwa na miaka saba ya kazi mgongoni. Vivyo hivyo kwa nambari ya usajili. Herufi zile hueleza gari lilisajiliwa hapa lini, hazielezi liliundwa lini. Gari lililosajiliwa Kenya mwaka 2020 laweza kuwa liliundwa 2013. Watu wengi hulipia herufi, wakamwacha jirani mwenye herufi kongwe auze gari lililotunzwa vizuri zaidi kwa bei nafuu. Kwa maoni yetu, gari lililokaa nchini kwa mwenye nyumba mmoja anayejulikana mtaani, anayeweza kukutajia fundi wake, lafaa kuliko “jipya” lisilo na habari zake.

Kuhusu aina, tusirefushe. Chagua gari ambalo fundi wa mtaa wako ameshalifungua mara mia. Vitz, Passo, Demio, Note na Fit ni magari ya injini ndogo yasiyokunywa sana mafuta; Probox, Fielder na Axio ni mapana zaidi kwa familia yenye mizigo. Injini ya Toyota iitwayo 1NZ, ya sisi 1500, imefungwa katika Probox, Fielder na Axio nyingi, na huo ni uzito kwa mnunuzi: vipuri viko kila duka, na ndani inazungushwa kwa cheni badala ya mkanda unaohitaji kubadilishwa kila baada ya muda. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana giaboksi ya CVT, isiyo na hatua za gia. Hiyo ina oili yake maalumu, na ikitiwa oili yoyote iliyopo dukani huharibika. Uliza ilitiwa nini na lini. Ukiona gari kubwa la Kijerumani la zamani likiuzwa kwa bei ya Vitz, kumbuka kwamba bei ya gari imeshuka, lakini bei ya vipuri vyake haikushuka nayo.

Ukaguzi wataka asubuhi, na wataka gari lililolala. Ukifika ukakuta boneti ina joto, jua kwamba limewashwa kabla yako, na injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Mwombe muuzaji alizime, urudi kesho. Linapowashwa likiwa baridi, simama nyuma ya ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli inayomwagwa kupita kiasi. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ilipopata joto, hasa ukiwa na harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoingia mahali yasipofaa kuingia, na hapo unaaga kwa adabu ukaenda zako.

Pwani yetu ina adui wake, nayo ni kutu. Hewa ya chumvi hula chuma polepole, na gari lililolazwa miaka mitano karibu na bahari huonekana zima juu huku chini likiwa limetoboka. Inua mikeka. Funua sehemu ya tairi la akiba ndani ya buti na uguse kama pana unyevu. Pitisha kidole chini ya milango, kisha uiname utazame matao ya magurudumu na chasisi. Yapo pia magari yaliyoletwa kutoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi; hayo huja na kutu yao kabisa kabla ya kuiona bahari yetu. Chukua sumaku ndogo uipitishe kwenye bati: pale isiposhika, huenda kuna puti chini ya rangi, na puti hufunika ama kutu ama ajali.

Joto nalo ni mtihani. Gari linaloendeshwa dakika kumi barabara tupu halijapimwa. Liendeshe mpaka likwame kwenye foleni ya daraja la Nyali au ya feri ya Likoni, kiyoyozi kikiwa wazi, na macho yako kwenye kipimo cha joto. Kikianza kupanda, umepata jibu lako kwa bei ya petroli kidogo. Taa ya injini iwake unapofungua swichi, kisha izime injini ikishika. Isipowaka kabisa, shuku kwamba kuna mtu ameing'oa ili isiseme.

Mita ya kilomita usiiamini peke yake, kwa maana inarudishwa nyuma. Tazama mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani na ukingo wa kiti cha dereva. Pedali iliyolika haiwezi kuwa ya gari la kilomita 40,000. Kama gari limetoka Japani karibuni, dai karatasi yake ya mnada. Minada ya Japani hulipa kila gari alama: 4 ni zuri, 3.5 ni la wastani, na herufi R au RA humaanisha liligongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mahali palipokarabatiwa, S ni kutu na XX ni kipande kilichobadilishwa. Muuzaji anayesema karatasi hiyo imepotea huenda anasema kweli, lakini bei yake nayo ipungue.

Na fundi awe wako. Umtafute wewe, umlipe wewe, na asiwe amejulishwa kwako na dalali. Ada yake ya asubuhi moja ni ndogo mno ukilinganisha na giaboksi.

Makaratasi ndiyo yanayovunja nyumba. Gari bovu hutengenezwa, lakini gari lisilo lako hupokonywa. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanya upekuzi wa rekodi za gari katika mfumo wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, kupitia eCitizen. Upekuzi hukuonyesha jina la mwenye gari na kama kuna benki au mkopeshaji mwenye haki juu yake. Linganisha nambari ya chasisi na ya injini zilizoandikwa na zile zilizochongwa kwenye chuma chenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Kisha umwombe muuzaji kitambulisho chake. Kama jina si lake, mazungumzo yasimame mpaka mwenye jina aje.

Jambo moja hutokea mno katika jamii yetu, na watu huona haya kulisema. Mzee amefariki, ameacha gari uani, na mmoja wa watoto analiuza kwa niaba ya wenzake. Bei ni nzuri, na muuzaji ni mtu wa msikiti mmoja nawe. Lakini gari lile ni mirathi. Lina haki ya mjane, ya mabinti walioolewa mbali, na ya wazazi wa marehemu wakiwa hai, na mtoto mmoja hawezi kuuza fungu la wengine bila idhini yao. Serikali nayo haitabadilisha umiliki kwa saini ya mtu asiyekuwa mwenye gari. Aje na karatasi ya mahakama, ya Kadhi au nyingine yenye mamlaka, inayomtambua kuwa msimamizi wa mirathi. Ukinunua bila hiyo umelipa fedha zako halali kwa kitu ambacho nusu ya wenyewe hawakukuuzia, na siku binti aliyeko Lamu atakapodai fungu lake, mlango atakaobisha ni wako.

Ule mtindo wa kupokea gari pamoja na fomu zilizotiwa saini, ukaliendesha miaka mitatu kwa jina la mwingine, uachwe. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu gari lililouzwa litumike barabarani zaidi ya siku 14 bila mmiliki mpya kusajiliwa. Na anayeuza asidhani hasara ni ya mnunuzi peke yake: aliyeandikwa kwenye logibuku ndiye sheria inayemhesabu kuwa mwenyewe mpaka ithibitishwe vinginevyo, gari likigonga mtu usiku wa manane.

Fikihi yetu, kwa upande wake, ina vyombo ambavyo wanunuzi wengi hawavitumii. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Pwani, mnunuzi anaweza kuweka khiyari ya sharti isiyozidi siku tatu: mauzo yafungwe, lakini awe na haki ya kuyavunja ndani ya muda huo. Siku tatu zatosha fundi kulala chini ya gari. Ipo pia khiyari ya aibu, yaani kurudisha kitu kwa ila iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa na ambayo hukuijua. Sharti useme mara unapoigundua na uache kulitumia gari. Muuzaji anawajibika kuitaja ila anayoijua, aulizwe asiulizwe. Na kuhusu arabuni ile inayopotea mnunuzi akighairi, wanazuoni wa Shafi hawaikubali, ijapokuwa wa Hanbali wameiruhusu. Kwa hiyo kabla ya kuacha elfu ishirini “za kulishikilia gari”, mwandikiane kama zitarudi.

Kwa wasio na fedha taslimu, bei ya kulipa kwa awamu kuwa juu kuliko ya papo hapo imeruhusiwa na wanazuoni wengi, maadamu mnaachana mkiwa mmekubaliana bei moja. Kinachoharibu ni deni linalokua kwa sababu umechelewa. Soma kifungu hicho kwanza, kabla ya vingine vyote. Benki za Kiislamu, kama Gulf African iliyoanza kazi 2008, hutumia murabaha: benki hulinunua gari, kisha hukuuzia kwa faida inayojulikana. Uliza iwapo benki italimiliki gari kweli kabla ya kukuuzia, na uliza jumla utakayolipa mpaka mwisho, si ya mwezi tu.

Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kisheria, lakini humlipa uliyemdhuru. Gari lako likiibwa au likiungua, haikulipi kitu. Mwenye gari la kwanza lililobeba akiba yote ya nyumba afikirie bima kamili, na anayependelea takaful atapata kampuni yake nchini tangu 2011.

Siku ya kukabidhiana, fedha zipite benki na si mkononi uani. Muuzaji aanzishe uhamisho kwenye eCitizen mbele yako, nawe uukubali papo hapo kwa simu yako. Andikeni mkataba wenye tarehe na saa, kwa maana faini na makosa ya kabla ya saa hiyo ni ya kwake na ya baada ya hapo ni yako, na wawepo mashahidi wawili. Dai ufunguo wa pili, jeki na spana ya magurudumu. Cheti cha bima kiwe kwa jina lako kabla gari halijatoka getini.